Pete Iliyoliwa na Chekeche

Nembris mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kusukwa Sekei, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wenu na maneno yake, hamtarudi mapema. Nyumba imebaki na mimi, paka, na begi lako lililofungwa zipu tangu jana kana kwamba basi linaondoka sasa hivi. Nimekaa kwenye dirisha la nyuma. Mlima umejifunika mawingu mpaka kiunoni, na huku kwetu Olasiti jua linawaka vizuri tu, nguo zako za kazi zinakauka kwenye kamba. Nimechukua daftari langu la porini na penseli. Usishangae penseli. Miaka thelathini nimeandika kwa penseli kwa sababu wino ukilowa unapotea, na penseli haijali mvua. Hata chozi hailijali, kama litatokea, ingawa leo sina mpango huo. Leo nina furaha mpaka paka ananiangalia kwa wasiwasi.

Maagizo ya safari sikupi. Mama yako ameshayamaliza: soksi, chandarua, dawa za tumbo, usile chipsi za stendi, piga simu ukifika Singida, piga ukifika kambini, piga hata kama hakuna mtandao. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba kwa miaka kumi, tangu siku ile uliponiuliza swali jikoni nikakujibu ovyo.

Unaikumbuka siku hiyo? Ulikuwa kidato cha pili. Ulikuwa umetoka kwa mama yako mdogo Eliamani, Usa River, ukarudi umenuna. Uliitua sufuria ya makande mezani kwa kishindo ukaniuliza, "Baba, pete yako ya ndoa iko wapi?" Nikasema iko kabatini. Ukasema, "Kwa nini haikai kidoleni?" Nikasema ni mambo ya kazi, kula, chakula kinapoa. Uliniangalia kidogo, ukapakua, na hukuuliza tena mpaka leo.

Mama yako ndiye aliyeniambia baadaye ulichokisikia kule. Eliamani alikuwa akisema kwamba mwanamume anayekaa porini miezi minane ya mwaka bila pete lazima ana nyumba nyingine Singida. Mama yako alinisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Hapo ndipo nilipokosea, maana nilikuona hucheki na bado nikaendelea kunywa chai yangu.

Sasa wiki iliyopita nimesikia jingine. Kumbe siku ile ya kuvishwa pete ya uchumba ulimlazimisha Godlisten naye avae yake, na mkaapa hapo hapo kwamba hakuna atakayeivua, iwe kazini, iwe bafuni. Na ukamwambia, haya maneno mama yako amenifikishia kama yalivyo, "Sitaki ndoa kama ya baba, pete inalala kabatini." Sikukasirika. Niliona aibu, tena aibu ya haki. Halafu nikaingiwa na hofu, kwa sababu kesho kutwa asubuhi utakuwa porini, mjiolojia mpya, dhahabu iko kidoleni, unashika sampuli za watu.

Najua chuoni wamekufundisha. Mama yako alikuuliza kuhusu hiyo pete ukamjibu kwamba utavaa glavu juu yake. Nilikuwa chumbani nikasikia, nikakaa kitandani. Mwanangu, mimi nilitumia plasta.

Ngoja nikueleze vizuri.

Tulifunga ndoa mwezi wa mvua, kule nyumbani Meru, na gari la maharusi likakwama kwenye tope mpaka wapambe wakasukuma na suti zao. Pete yangu niliinunua mjini kwa sonara mmoja wa Kihindi, mzee aliyekuwa na mizani ndogo ndani ya kioo, aliyenipimia kidole mara tatu kana kwamba ananishonea koti. Wiki tatu baada ya harusi nikaitwa kazini, upande wa Singida, kuchukua sampuli za udongo kwenye eneo la kutafuta dhahabu. Siku ya kuondoka mama yako alinisindikiza mpaka barabarani. Alinishika mkono akasema, "Usiivue hiyo. Nataka hata fisi wa huko wajue una mke." Nikaapa. Nilikuwa na umri kama wako wa sasa, na nilipenda sana kuapa.

Pale kambini mkubwa wetu alikuwa mjiolojia mmoja kutoka Tanga, mwanamke, mfupi, mdogo kwangu kwa miaka miwili, mwenye sauti iliyovuka pori zima. Ndiye huyo huyo Shangazi Rehema wako. Mimi kijana wa Kimeru, niliyekulia mahali ambapo mwanamke hamwambii mwanamume simama pale, nilikaa wiki nzima nikimwita "mwalimu" kwa kejeli. Yeye akaanza kuniita "mwanafunzi", na kambi nzima ikamfuata. Nilijitakia.

Siku ya kwanza alitukusanya, akashika kopo tupu la maziwa ya unga, akasema, "Pete, bangili, cheni, saa ya rangi ya dhahabu, kila kitu humu. Mtachukua siku ya kwenda likizo." Wenzangu wakatumbukiza. Mmoja alitoa bangili ya shaba ya bibi yake, na nilimwona machozi yanamlengalenga. Mimi nikaomba ruhusa kwenda chooni. Huko nikaizungushia pete yangu plasta, tabaka tatu, nikarudi nimeinua kidole nasema nimejikata na panga.

Kila siku mbili tatu Rehema ananiuliza, "Mwanafunzi, hicho kidonda hakiponi?"

"Kinapona taratibu, mwalimu."

Kazi yenyewe unaijua. Mistari imenyooshwa porini, kigingi kila hatua hamsini, unachimba mpaka kiwiko kizame, unatoa udongo, unaukandamiza kwenye chekeche la chuma na kuusugua kwa viganja mpaka vumbi laini lishuke. Vumbi hilo linaingia kwenye mfuko, mfuko unaandikwa namba, twende kigingi kinachofuata. Na unajua pia kwamba dhahabu inayotafutwa kwenye vumbi lile ni kidogo mno, jicho haliioni, ni maabara tu ndiyo inayoiona. Sasa chukua pete ya bwana harusi, iweke juu ya waya wa chekeche, sugua kutwa kucha kwa msimu mzima. Plasta ilikuwa inalika upande wa kiganjani, na mimi kila jioni naongeza nyingine juu bila hata kuangalia ya chini.

Majibu yalipotoka maabara, Nembris, ile kambi ilipaa. Kwenye mistari yangu palikuwa na dhahabu nzuri sana. Mistari ya wenzangu hakuna kitu, yangu inang'aa. Wakanibatiza Baba Dhahabu. Kijiji cha jirani kikaleta mbuzi, akina mama wakaja na vigelegele, na mimi nilicheza nimevaa chekeche kichwani kama kofia. Sijawahi kuwa mjinga mwenye furaha kiasi kile. Rehema peke yake hakucheza sana. Alikuwa anaitazama ramani anasema, "Mbona inafuata mistari yetu? Dhahabu imejuaje tulikopita?" Lakini wakubwa walikuwa na haraka, mtambo wa kuchoronga ukaletwa.

Shimo la kwanza, mwamba mtupu. Shimo la pili likatoa maji mpaka yakajaa kwenye buti za fundi. Shimo la tatu, mwamba mtupu tena. Ofisi kubwa ikaanza kuuliza maswali. Ardhi haina kitu, mifuko ilikuwa na dhahabu, kwa hiyo kuna mtu ameiweka. Na kila mfuko ulikuwa na sahihi ya Rehema. Aliitwa Dar akajieleze, aende Jumamosi, na aende na vitu vyake vyote.

Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa nanawa mikono, plasta ikavuka na sabuni. Nikaigeuza pete. Upande wa juu ilikuwa ile ile aliyonivisha mama yako. Upande wa kiganjani ilikuwa imeliwa, imekuwa nyembamba kama waya. Nikasimama pale na mapovu mikononi, nikaelewa kila kitu.

Sasa hapa ndipo nataka unisome polepole. Kuvaa pete lilikuwa kosa la kijana anayempenda mke wake, na hilo nimejisamehe zamani. Kosa langu ni kwamba nilielewa Jumatatu, nikanyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano, nikanyamaza Alhamisi. Namwona yule dada anakunja nguo zake, anapita kuwaaga wapishi, na mimi nakula ugali. Nilijipa sababu nyingi. Nina mke mpya. Sijamaliza kuezeka. Nitafukuzwa na jina langu litaharibika. Na ilikuwepo sababu nyingine ambayo mama yako ameijua na Rehema ameijua, na leo na wewe uijue: nilisema moyoni kwamba yeye ni mwanamke, ataolewa, atalishwa, hana hasara kubwa. Nimeiandika kwa penseli iliyochongwa vizuri ili isikupite. Baba yako aliwahi kuwaza hivyo juu ya mjiolojia mwanamke, na Mungu akaniletea mmoja nyumbani kwangu nimlee.

Ijumaa asubuhi nilimkuta anafunga kamba za begi. Nikasema, "Dada, ile dhahabu ni ya kwangu."

"Ya kwako kivipi?"

Nikabandua plasta mbele yake. Akanishika kidole, akachomoa lenzi yake shingoni, akaiangalia ile pete kama anavyoangalia mawe, kwa utulivu, akiigeuza kwenye jua. Nilitamani apige kelele. Akaniuliza, "Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa," akasema.

Nimeshawahi kutukanwa na watu wenye kipaji cha kutukana, lakini hakuna tusi lililonikaa kama hayo maneno mawili. Kisha akanipa daftari na penseli, akasema andika yote, tarehe zote, na siku hizo nne uzitaje moja moja. Nikaandika. Nilipomaliza akasoma, na alipofika mahali pa plasta mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya begi, anasema, "Kidonda kinapona taratibu, mwalimu," anacheka tena. Mimi nikaanza kulia, yeye anacheka, na mpishi akachungulia akarudi zake jikoni.

Daftari hilo, alipolifikisha Dar, ndilo lililomwokoa. Mimi nilisimamishwa msimu mzima, na ilikuwa haki yangu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako barazani, nikamwonyesha pete. Yeye ndiye aliyeomba isivuliwe, kwa hiyo aliichukua akaigeuza kiganjani. Halafu akasema, "Basi mimi na wewe tumedanganya kampuni nzima kwa sababu ya fisi." Tukacheka wote. Msimu huo wa kukaa nyumbani nilipanda migomba, nikamaliza kuezeka, na kabla haujaisha mama yako akawa na mimba yako. Mimi huwa namwambia kwamba katika msimu ule wote wa utafiti, wewe ndiye jibu pekee lililokuwa la kweli.

Mwaka uliofuata Rehema alipewa kundi jipya, akapeleka ujumbe: "Nitafutieni yule mtu wa pete. Huyo najua hatavaa tena." Nikaenda. Siku ya kwanza akanikabidhi lile kopo la maziwa, akasema kuanzia leo wewe ndiye msimamizi wa kopo. Nililisimamia miaka yote iliyobaki, mpaka nilipostaafu. Kila kundi jipya likija, nalipitisha, na pete yangu ndiyo inaanza kulia chini ya kopo. Nikija likizo inalala kabatini, maana nilijiapiza nisiivae tena mpaka nimalize kushika sampuli za watu.

Tulipita tena kwenye kile kijiji cha mbuzi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kampuni, maana wale watu walikuwa wamecheza na mimi. Tulipofika karibu na shimo la pili, lile la maji, nikakuta foleni ya ndoo. Rehema alikuwa ameomba bomba liachwe, na wao wenyewe wakafunga pampu ya mkono. Mama mmoja akanitambua. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Karibu, Baba Dhahabu. Kunywa maji." Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikanywa. Yalikuwa na chumvichumvi kidogo, nami nilikunywa vikombe viwili.

Kwa hiyo Shangazi Rehema alipokuja hapa ukiwa na miaka sita, ukamwomba ile lenzi na yeye akaivua shingoni akakupa, mimi niliondoka sebuleni. Ulidhani nimekwenda kuleta soda. Soda nilileta, lakini nilichelewa. Ile ndiyo lenzi iliyoangalia pete yangu, na ndiyo utakayoivaa kesho.

Jana nilimpigia simu Tanga kumwomba ruhusa nikusimulie. Akasema, "Mwambie, ila usijipunguzie." Nimejitahidi, kama unavyoona.

Utaniuliza kwa nini sikukueleza jikoni siku ile. Kwa sababu nilikuwa naona ni heri uwe na baba mwenye siri kuliko baba aliyemwacha mtu aanguke kwa ajili yake. Nilichagua heshima ya kijinga, na mama yako ndiye akailipia. Miaka yote akina Eliamani wanamcheka kwamba hajui mumewe anakolala, na yeye ananyamaza kwa sababu mimi nilimwomba anyamaze. Hilo linaniuma mpaka leo. Jumapili iliyopita baada ya ibada nilimwita Eliamani pembeni nikamsimulia yote, mama yako akiwepo. Eliamani alishika mdomo, halafu akasema, "Shemeji, kumbe hata huyo mwanamke wa Singida hakuwepo?" Alisikitika kidogo, nadhani alikuwa amemzoea.

Mwanangu, mimi naipenda hii kazi yako mpaka naona wivu. Kampuni yenu ina maeneo matatu, umeniambia: la dhahabu huko Singida utakakoanzia, la shaba upande wa Mpwapwa, na la almasi kuelekea Shinyanga. Nimefanya kazi kwenye aina zote tatu. Shaba ndiyo isiyojificha, utaona jiwe limejipaka kijani na moyo wako utaruka kabla akili haijafika. Almasi huitafuti yenyewe, unatafuta ndugu zake, vile vipunje vyekundu vidogo kama ufuta ambavyo mchwa wamevipandisha kwenye kichuguu, na siku utakayokiona cha kwanza kwenye karai lako utataka kumpigia kila mtu simu. Mpigie mama yako, yeye atajifanya anaelewa. Dhahabu ndiyo yenye kuchelewesha majibu, na wakati wa kusubiri ndipo watu wanapoanza kuona wanachotaka kuona.

Katika barua yako ya ajira wameandika kwamba maeneo yote matatu yana dalili nzuri. Karibu kila kitu nilichokigusa maishani mwangu kilikuwa na dalili nzuri. Mimi miaka thelathini sijafanya kazi kwenye eneo hata moja lililokuja kuwa mgodi. Baba zako wadogo huwa wananitania kwamba mimi ni fundi wa mashimo. Lakini nilichimba vizuri, nikaandika namba sahihi, na palipokuwa hakuna kitu nilisema hakuna kitu, isipokuwa mara ile moja. Watu waliweka hela zao na nguvu zao wakitegemea mtu mmoja mwenye mikono michafu aseme ukweli kuhusu mfuko mmoja wa vumbi. Hiyo inanitosha, na natembea mjini kifua mbele.

Kuhusu Godlisten, usimfokee. Jana nilimfuata gereji kwake Ngarenaro. Nikamkuta amelala chini ya Land Cruiser ya watalii, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akatoka, "Shikamoo baba," ananipa kiwiko kwa sababu ya grisi. Nikaangalia kidole. Hakuna pete. Akaniona ninavyoangalia, akapapasa mfuko wa shati, akaitoa imefungwa kwenye karatasi ya risiti. Akasema ikigusa betri itamuunguza kidole, fundi mwenzake yalimkuta. Anaivua kila asubuhi akifika na kuivaa kabla hajakutana na wewe. Nikamwambia nitakusimulia mambo ya pete, akasema, "Mwambie tu na yangu baba, mimi nimeshindwa, yule ananiogopesha." Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko siku aliyoleta mbuzi wa posa.

Sasa la mwisho, nasikia geti la jirani linafunguliwa na nadhani mko karibu.

Wiki hii, kwa kuwa nimestaafu na sitashika tena sampuli ya mtu yeyote, niliipeleka pete yangu mjini kwa sonara. Yule mzee hayupo, yupo mwanawe, lakini mizani ni ile ile. Akaipima, akaigeuza, akasema, "Mzee, hii imeliwa upande mmoja. Nikujazie?" Nikamwambia asijaze hata chembe, aipanue tu, kidole kimenenepa. Iliyobaki iko Singida kwenye mifuko ya vumbi, na nataka nikiigusa kwa chini nikumbuke siku nne. Asubuhi ya leo mama yako amenivisha, mara ya pili maishani, hapa hapa dirishani. Amesema vidole vyangu vimekuwa kama ndizi mshale. Kesho stendi ukinipa mkono wa kwaheri, utaihisi.

Sikwambii uivue yako. Uliapa kwa sababu yangu, na kilichokufanya uape nimeshakueleza kama kilivyokuwa. Ila lile kopo la maziwa ya unga ninalo, Rehema alinipa moja kwa moja siku nilipostaafu. Ndilo lililolala kabatini tangu hapo, ukapita mbele yake kila ulipokuja kuchukua sukari. Ndani yake kulikuwa na pete moja tu, na tangu juzi halina kitu. Kesho asubuhi utalikuta mezani karibu na chai yako, nimelisugua, kifuniko nimekiweka pembeni.

Baba yako, aliyejua Jumatatu